Friji la Magharibi, Umeme wa Mashariki

Mume wangu alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili changu nilikipata kambini Kasese. Kwa hiyo siombi, naamuru. Katika zahanati yetu ndogo hapa juu ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mimi ndiye muuguzi, na wananiita Afande Marita, nami sikatai.

Sasa sikiliza ujinga huu. Taifa kubwa la Magharibi lilituletea friji la chanjo, nasi umeme hatuna. Hata mwezi haujaisha, taifa kubwa la Mashariki, lisilotaka kupitwa, likatufungia sola juu ya paa. Tukapiga vigelegele. Kumbe friji limekatazwa kutumia umeme wa Mashariki, na sola zimekatazwa kulisha chombo cha Magharibi! Wakubwa hawa hawapigani, wanaogopana. Wanaogombana ni watu wao. Tsongo na Bwambale, wana wa marehemu dada yangu, mmoja fundi wa Magharibi na mwingine wa Mashariki, walikuwa hawasalimiani tangu waajiriwe wakati wa Pasaka.

Na surua ilikuwa imeshavuka mpaka kutoka Kongo. Chanjo ilitoka Kasese kwa bodaboda, ndani ya kisanduku cha barafu, na mara mbili ilifika barafu imekuwa maji, tukaimwaga. Jirani alikuwa amezika mtoto. Mjukuu wangu Ithungu alikuwa na miezi tisa, hajachanjwa. Niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Nikawaita wale wawili, nikawawekea bundu, ugali wetu wa muhogo, kwenye kikapu kimoja, kama mama yao alivyozoea. Walikula kila mmoja akiangalia ukuta wake. Wakasema wakiunganisha waya watafukuzwa kazi. Nikawaambia hakuna aliyewaomba waunganishe. Kila mmoja anionyeshe waya wake tu, mkono utakuwa wangu.

"Mimi sina bosi wa huku wala wa kule," nikasema. "Nani atanifukuza?"

Tsongo akazima swichi, nikapanda kwenye stuli. Ikayumba. Wote wawili wakaidaka.

"Shika huko, mimi nashika huku," Tsongo akamwambia mdogo wake. Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Pasaka. Nikaziunganisha zile waya mbili, na swichi ilipowashwa friji likaanza kunguruma, nami nikalia bila aibu.

Ijumaa mabosi wa pande zote mbili wakaja, kila mmoja na kamera yake, wakiuliza nani kafanya hivi. Nikasema ni mimi. Akina mama walikuwa wamejaa uani na watoto mgongoni, na chanjo imeshalala baridi ndani ya friji.

"Haya," nikasema, "nani kati yenu atalizima?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Wa Magharibi akaanza kupiga makofi. Wa Mashariki naye akapiga kwa nguvu zaidi. Kabla ya mwezi kwisha tukapata friji la pili, na betri mpya juu yake. Washindane tu, hivyo hivyo.

Lakini Ijumaa ile ile nilimchoma Ithungu sindano, wa kwanza kwenye foleni. Tsongo alimshika mkono, Bwambale miguu, na mtoto akawatukana wote wawili kwa kilio kimoja. Mama yake, Eseri, alikuwa anacheka huku anafuta machozi.