Kichwa cha Baba

Kwa miaka mitatu Telesia alimwogesha baba yake, kuanzia shingoni kwenda chini. Kichwani mzee Samiuela alijimwagia maji mwenyewe, kwani kwa mila ya visiwa vya Tonga mtoto hagusi kichwa cha baba, hata awe mtoto mwenye wajukuu. Hilo halikuwa na mjadala nyumbani kwao. Aliyekuwa na mjadala ni Fusi.

Fusi, mdogo wake, alishuka kwenye ndege kutoka Auckland akaja moja kwa moja hospitali alikolazwa mzee, miwani ya jua utosini. Wiki nzima mzee alikuwa akisinzia na kuchanganya majina. Daktari aliuliza kama alianguka, Telesia akaapa hapana, ni uzee tu. Lakini Fusi alipotia mguu wodini, mzee akafumbua macho.

"Umekuja, mwanangu," akasema, akacheka.

Telesia alikuwa ameshika kijiko. Yeye hakuwahi kuchekewa hivyo tangu mama yao afe. Kwa wivu, akaona afadhali akoroge uji.

"Dada, umekonda."

"Nani anenepe hapa? Wa kunenepa mko huko."

"Haya, anza. Nilijiandaa tangu uwanja wa ndege."

Fusi akaketi upande wa mto, akakipakata kichwa cha baba, akaanza kuchambua mvi zake kwa vidole.

"Toa mkono," Telesia akasema. "Huko kumekusahaulisha hata baba ni nani?"

"Nywele zinanuka jasho, dada. Kazini kwetu naosha wazee ishirini kwa siku."

"Huyu si mzee wa kazini kwenu."

Mzee mwenyewe hakukataa. Alifumba macho kwa raha, na hapo ndipo Telesia alipoumia kweli. Miaka yote hiyo hata kupita nyuma ya kiti chake aliinama, na huyu kavuka bahari akakabidhiwa kichwa kwa dakika tano.

Vidole vya Fusi vikasimama juu ya sikio.

"Baba, hiki kidonda kikavu ni cha nini? Ulianguka?"

"Shambani, kwenye viazi vikuu. Mwezi jana," mzee akanong'ona. "Sikutaka kumsumbua Telesia."

Fusi alikimbia kumwita daktari. Picha ilionyesha damu imejikusanya chini ya fuvu, inaukandamiza ubongo.

"Si uzee huu," daktari akasema. "Tukitoboa leo, naamini atarudi sawa. Mngengoja mpaka Jumapili, sijui. Nani aliona kidonda?"

Fusi alijishughulisha na shuka la baba. Ikabidi Telesia ajibu mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, na maneno hayo yakamtoka kwa shida zaidi kuliko ndoo zote za maji alizobeba miaka mitatu.

Wakati wa kumnyoa, mzee alitapatapa, muuguzi akaomba mmoja wao amtulize kichwa. Telesia akawahi mbele, mikono imenyooka. Baba akamtazama.

"Si wewe," akasema kwa upole. "Fusi anishike. Wewe ndiye unayeniheshimu."

Alikusudia kumsifu, na muuguzi akatikisa kichwa kwa kukubali. Telesia akarudi miguuni, upande wake wa siku zote, akazishika nyayo zile anazozijua mpaka nyufa. Kule juu mvi zilikuwa zikidondokea viganjani mwa Fusi. Angekuwa na uwezo, angempa mdogo wake heshima yake yote, na yeye apewe kiganja kimoja cha nywele zile.