Mashine Iliyoulizwa Sana

Wacuka wa mboga alisema binti yangu analipwa kwa kukaa. Hakunong'ona. Alisema huku akinikatia sukuma wiki, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mpwa wake alikuwa akipiga deki katika jumba la bima huko mjini, na kila alipopita na ndoo alimwona Mwelu ameshika tama mbele ya kioo cha kompyuta, haandiki, hasemi, anatazama tu mstari ukipanda na kushuka.

"Msichana analipwa kutazama, Mama Mwelu? Hebu jiulize na yeye anatazamwa na nani."

Nilijiuliza. Nilijiuliza nikiwa kwenye cherehani barazani petu Kayole, hadi nikashona mkono wa blauzi ya mtu ndani nje.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Mwelu alikuwa amenieleza kazi yake, tena si mara moja, kwa sauti ile ya kumfundisha mtoto kufunga viatu. Kampuni ilikuwa imetoa kazi ya matawi yote kwenye mafaili ikaiingiza katika seva, yaani kompyuta moja kubwa inayohudumia zingine zote. Programu iliyokaa ndani yake iliandikwa kwa lugha inayoitwa Java. Karani wa Nakuru akitafuta jina la mteja, ombi lake linasafiri hadi kwenye seva, na jibu linarudi. Mwelu aliwekwa pale kuangalia jibu linachukua muda gani, kumbukumbu ya mashine imejaa kiasi gani, na kama inapata nafuu baada ya kujisafisha.

"Kwa hivyo wewe ni nesi wa kompyuta," nikamwambia.

"Sema hivyo tu, Mwaitu," akajibu. Mwaitu ndiyo mama, kwetu Ukambani.

Alikuwa bado kwa majaribio. Mkubwa wake, Bwana Mulama, ndiye angeamua kama ataandikwa au atarudi barazani kunishikilia pindo. Mimi niliishia darasa la saba. Mambo ya Java yalinipita, lakini hapo pa kuandikwa nilielewa vizuri sana.

Kwa hivyo kila siku nilivuka hadi kibanda cha Obonyo mwenye simu, nikapiga ofisini.

"Mwelu yuko?"

Anaenda kuitwa. Anashuka ngazi, anapokea akihema.

"Niko, Mwaitu."

"Umekula?"

"Nimekula."

Naweka simu, moyo unatulia. Unatulia mpaka nifike kwenye cherehani.

Mwisho wa mwezi nilichoka kusikia kwa waya. Nilipika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, nikaujaza kwenye hotpoti ili niwe na sababu, nikavaa sweta yangu ya kanisani, nikaenda mwenyewe.

"Mimi ni mama yake Mwelu," nikamwambia msichana wa mapokezi. Jina lake Aluoch.

Alipiga meza kofi. "Kumbe wewe ndiye Mama Yuko! Nilikuwa nashangaa leo simu haijalia!"

Karani mmoja alicheka hadi akaficha uso kwa faili. Waliokuwa kwenye foleni hawakucheka. Foleni yenyewe ilitoka nje ya mlango, na mzee mmoja mbele alikuwa akigonga kaunta kwa kitambulisho. "Mnaniambia sistimu iko polepole tangu asubuhi. Mimi nimemwacha mgonjwa hospitali, ananingoja mimi, hangoji sistimu!"

Juu nilimkuta mwanangu. Ameshika tama, kama alivyosema mwenye ndoo. Hata hakuinuka kunisalimu. Mstari wa muda wa majibu kwenye kioo ulikuwa umepanda, umekataa kushuka.

Bwana Mulama akaingia, tai imelegea, jasho shingoni.

"Vipi?"

"Bado inapanda, Bwana."

"Ongeza kipimo kingine."

"Tuliongeza jana. Na juzi."

"Ongeza! Nataka kuona kila kitu. Mkurugenzi ananiita, nitamwambia nini? Kwamba msichana wangu anatazama?" Akatoka bila kuniona.

Mwelu alinigeukia, macho mekundu. "Unajua anaifanya nini, Mwaitu? Karani akiuliza jina moja, mashine lazima iandike nani ameuliza, iandike imefika wapi, iandike imemaliza, ndipo imjibu. Ikichelewa, Mulama anaiongezea kipimo, yaani kitu kingine cha kuandika. Sasa inatujibu zaidi sisi huku juu kuliko inavyowajibu wale walio chini."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia. Anasema mimi ni wa majaribio."

Akavuta kibao cha herufi.

"Unafanya nini?"

"Nazima vipimo. Nitaacha vitatu."

"Bila ruhusa? Mwelu, watakufuta! Umefikiria? Na kama—"

"Mwaitu. Tafadhali. Kwa dakika moja usiniulize kitu."

Nilifunga mdomo. Nimezaa bila nesi, lakini ile dakika ilikuwa ngumu zaidi. Mstari ulikaa juu, ukatetemeka, kisha ukalegea kama uzi uliokuwa umekazwa sana kwenye cherehani. Chini yetu mihuri ikaanza kugonga kaunta, mmoja, mwingine, halafu yote.

Mulama akarudi mbio. "Nani amekuambia uzime?"

"Hakuna, Bwana."

"Na ikianguka sasa, tutajuaje?"

Siwezi kudanganya, moyoni nilikuwa upande wake. Afadhali kitu kiende polepole nikikiona. Lakini alivuta kiti akaketi, akasikiliza ile mihuri. "Viache hivyo vitatu," akasema mwishowe, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Mwelu aliandikwa. Nilishukuru Mungu kanisa zima likanisikia. Kisha akapanga chumba Kware, ghorofa ya juu, na hakuna mwanamume, nilihakikisha. Akanipa masharti kwa upole uliouma kuliko matusi: "Jumapili baada ya ibada nitapiga kwa Obonyo. Mara moja, Mwaitu. Hiyo inatosha kujua niko salama." Wacuka sasa anasema alinitoroka.

Mama wenzangu mlio na watoto kwenye kazi hizi za vioo, epukeni haya:

Usipime kazi ya mtoto kwa macho ya mtu aliyepita na ndoo.

Usinunue sukuma kwa Wacuka ukiwa na wasiwasi.

Usipige simu ofisini kuuliza kama amekula. Mtu mzima akisikia njaa atakula.

Usimwamini mkubwa anayeongeza swali kila anapokosa jibu, hata kama unamwelewa.

Jumapili, simu ikichelewa, usimuulize Obonyo kama waya umekatika. Ukishindwa, muulize mara moja tu, kisha urudi ukakae.