Pasi ya Gratien kwa Révérien

Mwezi wa tatu wa mwaka 1964, timu ya basketi ya Uvira, Nyota ya Ziwa, ilicheza na timu ya Bukavu kugombea kombe la Kivu. Mechi zilikuwa tatu. Ya kwanza Uvira ilishinda nyumbani, ya pili ikashindwa kule Bukavu, na ya tatu, ya kukata shauri, ilichezwa Uvira Jumapili baada ya misa, kwenye kiwanja cha sementi nyuma ya parokia. Uvira ilishindwa kwa pointi moja.

Kushindwa kwenyewe watu wangekusahau. Kilichowakaa rohoni ni namna kulivyotokea. Mchezo ukiwa karibu kwisha, Gratien, mrefu kuliko wote, aliruka chini ya kikapu na watu watatu wa Bukavu wakaruka naye. Hakuwa na nafasi ya kufunga. Akiwa bado hewani alimwona mwenzake Révérien amesimama peke yake upande wa ziwani, akamrushia mpira. Mpira uligusa mikono ya Révérien ukatoka nje ya mstari. Bukavu wakaushika mpaka filimbi ya mwisho, wakapanda lori lao na kombe.

Kesho yake kinyozi Basile, karibu na soko la Mulongwe, alikuwa na watu wengi kuliko vichwa vya kunyoa. Basile alikuwa ameangalia mechi akiwa amekaa chini, pembeni mwa mstari, hatua chache kutoka kwa Révérien. Shemeji yake Firmin, karani wa forodha kwenye bandari ya Kalundu, alikuwa amesimama nyuma ya kikapu. Firmin alikuwa amemwoa Léocadie, dada yake Basile, na kabla ya siku ile wanaume hawa wawili hawakuwa wamegombana hata kwa mambo ya mahari.

"Minye nilikuwa nyuma ya Gratien kabisa," Firmin alisema. "Ule mupira ulitoka mukononi mwake ukaenda kifuani mwa Révérien, pole pole, kama mutu anayepeleka mutoto kwa mama yake."

"Kifuani?" Basile aliacha kunyoa. "Magotini, shemeji! Kama ungekuwa mutoto, angevunjika shingo."

"Weye unamutetea kwa sababu ni mwalimu wa mutoto wako."

"Na weye unamutetea Gratien kwa sababu munakunywa pamoja Kalundu."

Watu walicheka, kisha wakagawanyika. Wa bandarini na wa ghala la pamba, ambako Gratien alifanya kazi, walikuwa upande wa Firmin. Walimu, waimbaji wa kwaya na watu waliotoka Runingu, kwao Révérien, walikuwa upande wa Basile. Mechi zote tatu zilifufuliwa na kuchezwa upya. Nani alifunga zaidi kule Bukavu? Gratien. Ndiyo, lakini nani alikuwa akimlisha? Nani aliwapokonya Bukavu mipira katika mechi ya kwanza mpaka wakambadilishia mtu wa kumkaba mara mbili? Révérien. Sawa, lakini mchezaji mkubwa hupimwa na mpira wa mwisho. Basi na Gratien apimwe na mpira wa mwisho, maana ni yeye aliyeutupa. Mteja aliyekuwa kitini alikwenda nyumbani na nusu ya kichwa haijanyolewa, akarudi jioni kumaliziwa, akakuta bado wanabishana.

Ubishi uliendelea hata kwenye meza ya Firmin, mpaka Léocadie akaupiga marufuku. "Hapa kwangu," alisema, "anayetaka basketi akale kiwanjani."

Wachezaji wenyewe hawakuingia kwenye ubishi. Révérien aliendelea kufundisha. Gratien aliacha kunyolewa kwa Basile. Mara moja tu alisimama mlangoni mwake, akiinamisha kichwa ili asigonge juu.

"Basile, weye umesharuka siku moja na watu watatu juu yako?"

"Hapana, ndugu yangu."

"Basi."

Akaenda zake.

Mwezi uliofuata vita vilianza katika bonde la Ruzizi. Askari wa serikali waliweka kizuizi Sange, na pale walimkamata kaka yake Gratien akitoka kununua mchele. Walimpiga wakimwita mwasi. Hakuwa mwasi. Aliletwa kwao Kalundu juu ya baiskeli, akafa baada ya siku kadhaa. Gratien alimzika, akapanda milimani. Mwezi wa tano, Simba, kama waasi walivyoitwa, walipoteremka na kuuchukua mji, alikuwa miongoni mwao, utepe wa ngozi ya mnyama kwenye paji la uso, bunduki begani, na watu chini ya amri yake. Révérien na mkewe walikuwa wameshavuka mpaka, wakiishi Bujumbura kwa ndugu.

Sasa ule ubishi ulibadilika bila mtu kutangaza. Kusema pasi ilikuwa mbaya kulikuwa kumsema kamanda. Kusema Révérien alicheza vizuri kulikuwa kumsifu mtu aliyekimbia. Waliokuwa upande wa Basile waligundua, mmoja mmoja, kwamba siku ile jua lilikuwa machoni mwao na hawakuona vizuri. Wengine walihamia upande wa Firmin, na Firmin hakufurahi kuwapata. Basile peke yake hakuhama. Hakuwa shujaa, wala hakupenda serikali ya zamani. Alikuwa ameuona mpira, na hakujua namna ya kusema hakuuona.

"Nyamaza tu," Léocadie alimwambia. "Nani anakulazimisha kusema?"

"Wananiuliza, dada. Wanakuja kunyolewa, wananiuliza."

Asubuhi moja Simba wawili walikuja wakamchukua, wembe ukiwa bado mkononi mwake. Mtu mmoja alikuwa amepeleka habari kwamba kinyozi wa Mulongwe anamtukana kamanda. Léocadie alipoambiwa na majirani alikwenda mbio bandarini, akamkuta Firmin.

"Wamemuchukua kaka yangu. Weye ni rafiki ya Gratien. Enda."

Firmin alijua kwamba urafiki wa bia si urafiki wa vita. Hata hivyo alivaa kofia yake ya forodha, akaivua, akaiacha mezani, akaenda.

Simba walikuwa wamepiga kambi nyuma ya parokia. Walipikia kwenye kiwanja, na sementi ilikuwa na madoa meusi ya moto. Nguzo moja ya kikapu ilikuwa imeanikwa nguo. Basile alikuwa amesimama katikati, na Gratien amekaa juu ya sanduku la risasi mbele yake. Firmin alisogea mpaka walipomzuia.

"Wanasema unanitukana," Gratien alikuwa akisema.

"Sijakutukana. Nilisema tu mupira ulipita chini."

"Sema tena."

"Mupira ulipita chini."

Baadhi ya Simba hawakujua mpira gani. Mmoja, mgeni aliyetoka Fizi, aliuliza kama ni jina la siri la kitu fulani. Gratien alisimama, akaweka bunduki juu ya sanduku, akaita aletewe mpira. Uliletwa kutoka stoo ya parokia, umepungua upepo kidogo.

"Simama pale," alimwambia Basile. "Pale alipokuwa Révérien. Hapana, nyuma. Apo. Sasa shika."

Akarusha. Mpira ulimpiga Basile kifuani ukaanguka. Simba wakacheka.

"Unaona? Kifuani, na umeuangusha. Nani mubaya, mutupaji ao mushikaji?"

Basile aliokota mpira, akaurudisha. Gratien akarusha tena kwa nguvu zaidi, na safari hii ulimkuta Basile kwenye ncha ya kidole. Wote walisikia mfupa ukivunjika. Basile alijikunja, akashika mkono wake chini ya kwapa, jasho likamtoka. Firmin alitaka kusogea, akazuiwa kwa kitako cha bunduki.

"Tena," Gratien alisema.

Mpira wa tatu Basile aliudaka. Aliukumbatia kwa viganja na tumbo, kidole kikiwa kimepinda pembeni, akabaki nao. Hapo angeweza kusema ndiyo, kamanda, nimeona, pasi zako ni nzuri, na mambo yangeisha. Firmin alimwomba Mungu Basile aseme hivyo.

"Huu umekuja juu," Basile alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yote mitatu imekuja juu. Ule wa siku ile ulikuja chini. Na siku ile ulikuwa unaruka. Leo umesimama."

Yule mgeni wa Fizi alichukua bunduki yake.

"Gratien!" Firmin aliita. Hakusema kamanda. "Minye ninakutetea toka siku ile, na ninakutetea mpaka leo. Kila mutu wa Uvira anajua. Muache huyu. Alikuwa upande wake, minye nilikuwa upande wangu. Mupira moja, macho tofauti. Mutu hafi kwa vile."

Gratien aliwageukia watu wake na kuwachagua watatu warefu.

"Mukuje chini ya kikapu. Nikiruka, na ninyi murukeni. Munizuie kabisa."

Walitazamana, wakaweka bunduki chini. Gratien aliuchukua mpira kwa Basile, akaudunda mara moja, akaruka. Wale watatu wakaruka naye, viwiko na mabega, mmoja akimshika utepe. Akiwa hewani alijipinda na kuurusha upande wa ziwani.

Mpira ulidunda miguuni mwa Basile, ukapita katikati ya vifundo vyake.

Gratien aliomba urudishwe. Akaruka tena. Ukaenda chini tena. Mara ya tatu ulifika kwenye mapaja, na Basile, kwa mkono wake mmoja mzima, hata hakujaribu kuushika. Sufuria ya maharage ilikuwa ikichemka na kumwagika, na mpishi hakuiangalia.

"Ni viatu," Firmin alisema haraka. "Siku ile ulivaa viatu vya mupira. Leo umevaa buti. Na mupira hauna upepo."

Gratien alitazama buti zake. "Ni viatu," alisema. Alikwenda kukaa juu ya sanduku, akafuta uso kwa utepe wa ngozi. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka milimani alionekana mtu aliyechoka, kama wengine.

"Kaka yangu alikuwa wapi siku ile?" aliuliza ghafla.

Hawakujua anamuuliza nani. Basile ndiye aliyejibu. "Alikuwa karibu yangu, pa mustari."

"Alisema nini?"

"Alishika kichwa. Kisha akasema, twende tumuchukue Gratien, tusimuache peke yake. Na akaenda."

Gratien alitikisa kichwa mara kadhaa. "Rudini kwenu," alisema. "Na weye, Basile, fungisha icho kidole."

Léocadie alikifunga kwa kijiti na kitambaa. Hakikunyooka tena, na kwa wiki nyingi watu walinyolewa na mwanafunzi wa Basile, vibaya, bila kulalamika. Firmin na Basile hawakuzungumzia pasi. Haikuwa kwa hofu tu. Basile alikuwa ameona pasi ya chini, Firmin ya kifuani, kila mmoja kitu alichokitaka, na hakikuwatosha.

Kabla ya mwaka kwisha askari wa serikali waliuchukua tena mji. Simba walipanda milimani, na Gratien pamoja nao. Miezi ilipita, kisha mchungaji mmoja wa ng'ombe akaleta habari kutoka upande wa Mulenge kwamba yule kamanda mrefu alikufa kwa homa njiani, na wenzake walimzika mahali ambapo wao wenyewe wasingeweza kupapata tena.

Révérien alirudi kutoka Bujumbura mwaka uliofuata, amekonda, nywele zikiwa na mvi mbele. Watu walimngoja aseme. Alikwenda kunyolewa, na duka la Basile likajaa kama zamani. Aliketi, akanyolewa, akasalimia kila mtu na kuuliza habari za watoto. Alipomaliza alimuuliza Basile jambo moja tu.

"Mama yake Gratien iko wapi siku hizi?"

"Iko Kalundu, kwa nyumba ile ile."

"Unisindikize."

Mama yake Gratien aliitwa Marie-Jeanne. Alikuwa amezika mtoto mmoja, na mwingine hakuonyeshwa hata kaburi. Majirani wengi hawakumtembelea, maana kutembelea nyumba ya mwasi kulikuwa bado na hatari. Aliwaona wanaume wawili mlangoni akafikiri wamekuja kupekua. Révérien alijitaja. Mama alimtazama sana.

"Weye njo yule alicheza na Gratien."

"Njo minye, mama."

Aliwakaribisha ndani. Walikaa. Kisha mama mwenyewe akauliza.

"Watu walikuwa wanasema juu ya ule mupira kila siku. Akirudi nyumbani hakuwa anakula. Minye sikuelewa kitu. Alifanya mubaya?"

Basile alitazama chini. Kwa ajili ya jibu la swali hilo alikuwa amepoteza marafiki, na nusura apoteze maisha.

"Hapana, mama," Révérien alisema. "Alinipa mupira muzuri. Ni minye niliuangusha. Nilitazama kikapu kwanza, mbele ya kuushika."

Alisema bila kusita, akimtazama mama usoni. Mama alivuta pumzi, akaenda jikoni. Basile alisikia akipanga kuni. Aligeuka kumtazama Révérien, apate kujua kama ule ulikuwa ukweli au ni zawadi tu aliyomletea mama. Uso wa Révérien haukumwambia kitu, naye hakuuliza. Alishangaa kuona kwamba hakutaka kuuliza.

Mama alirudi na ugali na ndagala, dagaa za ziwani, zilizopikwa kwa mawese. Walinawa, wakala wote watatu kwenye sinia moja, na mama akaomba waeleze ile mechi ya kwanza, ile ambayo Uvira ilishinda. Révérien alieleza. Basile alimsahihisha mahali fulani, na Révérien akakubali. Mvua ikanyesha, ikakatika, ndipo wakaaga.

Jioni Firmin alikuwa akimngoja Basile kwenye kona ya soko.

"Révérien aliwaambia nini?"

"Tulikula ndagala," Basile alisema. "Kesho twende na weye. Yule mama paa lake linavuja, na minye kidole hiki hakishiki nyundo."