Anamudu

Karakana ya Fundi haikuwa mahali pa kusema kwa sauti. Mashine ya kukata chuma ikianza kulia na nyundo zikaitikia, ungeweza kumtukana mkweo akiwa ubavuni mwako asijue. Kwa hiyo mafundi wa pale walisemeshana kwa midomo, nyusi na vidole. Viganja kusuguana ni "lete msumeno". Kukuna shingo ni "mteja mkorofi kaja". Ndimo alimokulia binti wa Fundi, ambaye homa ilimwacha kiziwi akiwa bado anatambaa. Baba yake alimwita Cheche. Watu wa nje walimwonea huruma. Ndani ya karakana hakupungukiwa na kitu, maana mle wote walikuwa viziwi mpaka saa ya kufunga.

Shuleni ndiko alikozimika. Mwalimu akigeukia ubao, midomo ilipotea, ukabaki mgongo. Cheche alinakili asichokielewa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa darasa zima.

Shule ya watoto viziwi ilikuwapo, lakini wilaya ya pili, ng'ambo ya mto. Fundi alikwenda kuiona. Aliwakuta watoto uwanjani wakibishana kwa mikono, wakichongeana, wakichekana, akaenda moja kwa moja ofisini.

"Kitanda bwenini kipo," mwalimu mkuu alimwambia. "Ila mtoto wa wilaya nyingine simpokei bila kibali. Wilaya yenu impime, iseme yenyewe kwamba shule za huko hazimfai."

"Kupimwa tu?" Fundi alicheka. "Huyu wangu? Hata leo!"

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Kwa akili yake, shule nzuri huchagua mtoto hodari. Basi akajifunga kibwebwe. Kila jioni alinawa masizi, akamkalisha Cheche juu ya benchi la kazi, akamwuliza taratibu: Jina lako nani? Mama anafanya kazi gani? Jana mlikula nini? Cheche alisoma midomo, akajibu kwa sauti yake nzito, mpaka akawa hakosei.

Mkewe, mshonaji, aliwatazama akiwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Baba Cheche, wale wanataka kuiona shida ya mtoto. Wewe unaisukumia uvunguni."

"Mwanangu haingii mahali kwa kuomba huruma. Ataingia kwa kichwa chake."

"Haya. Kichwa chake, kiburi chako."

Siku ya kupimwa, afisa wa elimu maalumu, mama mmoja mpole, aliketi uso kwa uso na Cheche, mwanga wa dirisha ukimpiga mdomoni. Aliuliza, akajibiwa. Akauliza magumu, akajibiwa. Kisha Cheche akachungulia nje ya kioo, ambako karani alikuwa akipiga soga na mlinzi.

"Yule anasema wewe unamaliza chai ya ofisi," alisema.

Afisa alicheka hadi akavua miwani. Kifua cha Fundi kilivimba, kidogo vifungo vifyatuke.

"Hongera, baba, umelea," afisa alisema huku akiandika. "Anamudu. Abaki shule ya karibu na nyumbani, akae dawati la mbele."

"Na kibali?"

"Cha nini tena? Nafasi za nje ya wilaya ni za wasiomudu."

"Mama, darasani mwalimu anampa mgongo!"

"Tutamwandikia mwalimu asigeuke."

"Aandike ubaoni kwa kisogo?"

Afisa aliinamia karatasi zake. "Una haki ya kuomba apimwe tena, mbele ya jopo," alisema.

Njia ya kurudi mkewe, aliyekuwa amekuja nao, alitangulia hatua kumi mbele. Fundi akashindwa kuvumilia.

"Sema basi!"

"Niseme nini mie? Mtoto kashasema, tena kasema vizuri."

Jioni ile ile Cheche alirudishwa kwenye benchi.

"Wakikuuliza, usijibu," alisema Fundi.

"Majibu nayajua."

"Najua unayajua."

"Sasa kwa nini?"

Lugha ya karakana ina ishara ya msumeno, ya moto, ya mteja. Ya jambo lile haikuwa nayo. Fundi akalegeza taya, akayafisha macho, akamwonyesha uso wa mtu asiye na kitu ndani. Cheche alidhani ni mzaha, akaangua kicheko. Baba hakucheka. "Hivi," alisema, akamshika kidevu, akakishusha. "Fanya hivi." Cheche akafanya, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari, alifanya barabara. Mama mtu alikusanya vitambaa vyake akaingia ndani.

Mbele ya jopo Cheche aliwatazama watu kama atazamaye ukuta. Afisa alimsogelea.

"Hunikumbuki, mwanangu? Mimi, yule wa chai."

Midomo ya mtoto ilianza kufunguka. Alimtafuta baba yake kwa macho. Fundi, kutoka kwenye kiti chake, alifumbua kinywa bila sauti: Usijibu. Na Cheche hakujibu.

Afisa aliiona midomo ya Fundi. Aliandika, akagonga muhuri.

"Hamudu," alisema, akimpa kibali. "Ungemleta hivi siku ile, baba, tusingesumbuana."

Langoni mwa shule ya ng'ambo, Fundi alitua sanduku la bati alilolichomelea mwenyewe. Akachutama, akageuza uso upate mwanga.

"Nitakuja mwisho wa mwezi. Umenielewa?"

Cheche alimtazama, taya limelegea, macho yamekufa.

"Cheche. Ni mimi, baba. Yale yamekwisha."

Ukuta.

Msichana mmoja akaja mbio kutoka uwanjani, akamsemesha Cheche kwa vidole, akimnyoshea Fundi kidole kama aulizaye: huyu nani? Uso wa Cheche ukawaka mara moja, ukarudi wote mahali pake. Alimgeukia baba yake, akamkagua toka viatu hadi kofia. Kisha akakuna shingo.

Msichana hakuielewa ishara hiyo ya karakana, lakini alicheka. Wakalishika sanduku huku na huku, wakaenda zao. Pale langoni aliyeielewa alikuwa mmoja tu, naye bado alikuwa amechutama.