Jumamosi ya Kula

Jumba la Mzee Nestory, pale Pasiansi juu ya mawe yanayotazama ziwa, siku hizi ni shule. Ile sebule yake ya wageni ndiyo darasa la mjukuu wangu Precious. Ndipo pia Mzee alipomcheka babu yake Precious.

Mume wangu Shigela alikatwa mkono wa kulia na mashine, kwenye kinu cha pamba cha huyo Mzee. Wafanyakazi wenzake wakapiga kura abakizwe kazini, alinde geti. Tukaenda wote kumwambia tajiri. Sasa sisi Wasukuma na herufi r hatupatani. Shigela akasema, "Bosi, wenzangu wamepiga kula nibaki."

Mzee akawageukia wageni wake. "Wamepiga kula? Basi umeshiba. Nenda."

Wakacheka mpaka soda zikawapalia. Tangu hapo Shigela hakufungua tena mdomo mbele za watu, hadi tunamzika. Mimi kicheko kile nilikiweka.

Kinu kikafa, Mzee akafa, jumba likaenda halmashauri. Mwaka huu akatokea Victor, mwanawe, anataka shule iitwe jina la baba yake. Precious wangu avae jina lile kifuani kwenye sweta? Nikasema hilo halitakuwa nikiwa hai.

Mwalimu mkuu, Rebeka, alimwambia Victor kwamba wazazi ndio watakaopiga kura. Basi akachinja ng'ombe, akapita nyumba kwa nyumba. Kwangu akaniamkia shikamoo, akanisihi nisikose kura Jumamosi. Nikamwitikia marahaba. Alipoondoka nikaenda kwa jirani yangu Teodora, kisha kwa wengine, nikawasimulia kicheko kile, nikawaambia tumeitwa kula tu.

Jumamosi tukala, sebuleni mle mle. Pilau ile watu walikwangua hadi ukoko. Mwalimu Rebeka akaomba wanaolitaka jina la Mzee Nestory wanyooshe mikono. Mikono ikatulia mapajani, inang'aa mafuta.

Victor akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, bibi, si tuliongea habari ya kura?

"Tumepiga kula, mjukuu wangu," nikamjibu, sebule nzima ikasikia. "Tumeshiba. Nenda."

Teodora ndiye aliyeanza kucheka. Mimi sikucheka, nilikuwa namtazama Victor macho yanavyotafuta mlango.

Mwalimu akauliza, basi iitwe nani? Nikanyoosha mkono wa kulia, nikasema Shigela. Mikono yote ikanyooka.

Victor, akiwa mlangoni, akauliza Shigela ni nani. Nikamwambia akamwulize baba yake.