Unene Nao Unapimwa

Nasema tangu mwanzo: mkwe wangu, mke wa mwanangu, simpendi, na yeye anajua. Ni fundi cherehani, mpole kupita kiasi. Ukimsema anainamisha kichwa na kuendelea kushona. Mtu wa namna hiyo ananichosha. Siku aliyomfuata mwanangu ng'ambo nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, si kwa mapenzi. Nilikwenda kuhakikisha begi langu linapanda ndege.

Tiketi yake iliruhusu mabegi mawili, naye alikuwa na begi la nguo na sanduku la cherehani. Langu likawa la tatu. Lilijaa masweta niliyomfumia mwanangu huku macho yakiniuma. Nikachukua kamba, nikalifunga langu na lile lake la nguo mgongo kwa mgongo, yakawa moja. Alijaribu kuniambia kuna kipimo, sentimita mia na hamsini na nane. Nikamwambia asinifundishe kupima, futi nimeishika kabla hajazaliwa. Nikapima urefu, nikapima upana, nikajumlisha, na nafasi ikabaki.

Pale kaunta, binti wa mizigo akapima urefu, akapima upana, kisha akageuza futi akapima unene. Unene! Sweta gani linapimwa unene? Akasema wao hujumlisha pande zote tatu, hata magurudumu yamo, na mzigo wetu umezidi mno. Tukiufungua, mabegi ni matatu, na la tatu linalipiwa. Hela hiyo hatukuwa nayo, na foleni nyuma yetu ilishaanza kuguna.

Nikasema cherehani ibaki. Mkwe wangu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akanikatalia. Akalikumbatia lile sanduku, akasema ndiyo riziki yake, bila hiyo atakuwa mzigo kwa watu huko ugenini. Nikamwambia mzigo ameshakuwa, hata kabla ya kupanda ndege. Akazidi kulikumbatia. Sikumwonea huruma hata chembe.

"Basi tumuulize mwenyewe," akasema.

Nilifurahi kwelikweli. Nikamwamuru aweke simu kwenye spika, na asithubutu kusema kama nipo. Nilitaka amsikie mwanangu akinichagua mimi, na binti wa kaunta asikie, na foleni nzima. Akasita, akaninong'oneza kwamba afadhali azungumze naye pembeni. Nikamfinya mkono.

Mwanangu akapokea. Mkewe akamweleza kwamba lazima kimoja kibaki, ama cherehani ama begi la mama.

"Sasa hapo kuna la kuuliza?" akasema mwanangu. "Liache la mama. Lile alilompa jirani aniletee nililitupa jalalani, hata zipu sikufungua. Ila usije ukamwambia."

Mkwe wangu akakata simu. Hakunitazama. Alipiga magoti akahangaika na vifundo vyangu, maana mimi nikifunga nimefunga, kisha akalisogeza begi langu taratibu mpaka miguuni pangu.

"Nisamehe, mama," akasema.

Afadhali angenicheka. Nikamwambia aende zake, ndege itamwacha.

Niliburuta begi mpaka nyumbani. Jirani yuleyule alikuwa mlangoni kwake, akauliza kulikoni, mbona begi limerudi.

"Mkwe wangu," nikamwambia. "Ana roho mbaya yule. Amekataa kulibeba."