Samaki wa Mzee Vendelín

Tangazo lilitoka kwenye vipaza sauti vya kijiji, vile vilivyofungwa juu ya nguzo, na kama kawaida lilitanguliwa na wimbo wa matarumbeta. Filamu iliyopigwa hapa kijijini imekamilika, itaonyeshwa Jumamosi jioni uwanjani nyuma ya kituo cha wazima moto, kila mtu aje na kiti chake. Kijiji kizima cha Kamýčky kikashangilia. Drahuše peke yake ndiye aliyeketi chini ghafla, mikono ingali na unga.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita, kabla watu wa filamu hawajaleta mitambo yao, walimtuma bwana mmoja mwembamba mwenye miwani, mtunzi wa hadithi yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba hadi nyumba akisikiliza vichekesho vya kijiji. Kwa Drahuše alikaa sana, kwa kuwa maandazi ya jibini yalikuwa bado ya moto. Na Drahuše, ambaye mumewe hulala hata hajamaliza kusimuliwa alichopikiwa, akapata mtu wa kumsikiliza. Yule bwana akicheka, naye huongeza. Alimpa kisa cha mwenyekiti wa kijiji aliyetumbukia bwawani na nishani zake. Alimpa kisa cha jogoo wa padri. Visa vikamwishia, lakini hamu ya kuchekewa haikumwishia. Ndipo akafika pale pasipofikwa.

Mnajua siku za kuelekea Krismasi kila nyumba hununua samaki aliye hai, ikamweka kwenye hodhi la kuogea, na watu wakaoga kwa beseni. Mkesha ukifika baba mwenye nyumba huingia bafuni na nyundo kumuua awe kitoweo cha sikukuu. Sasa mzee Vendelín, jirani wa ukuta mmoja, mwaka aliomzika mkewe Apolena, alinunua samaki wake kama desturi, akashindwa kumpiga. Krismasi ikapita. Theluji ikaanza kuyeyuka, samaki yumo tu. Drahuše alikuwa na ufunguo wa nyumba ile, maana mzee aliugua kifua naye ndiye aliyempelekea supu. Siku moja akamkuta ameketi kwenye kigoda kando ya hodhi, akimhadithia samaki habari za viazi vilivyooza stoo. Alikuwa akimwita Apolena.

"Jirani," mzee alimwambia, masikio yamemwiva kwa aibu, "haya yaishie humu bafuni."

"Yameishia, mzee wangu."

Wawili hao wakambeba samaki kwenye ndoo, wakamwachia bwawani. Mzee akasimama ukingoni, kofia mkononi.

Hicho ndicho kisa ambacho Drahuše alimpa mgeni, pamoja na kahawa. Tena alikiigiza: sauti ya mzee, kigoda, viazi. Bwana yule alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, hii ni dhahabu!"

Drahuše naye akacheka. Ni pale mgeni alipokuwa mlangoni ndipo mwiba ulipomchoma. "Lakini hicho cha samaki usikitie, sawa?"

"Usihofu, tutabadilisha majina."

Nyumba arobaini, hodhi kuukuu la miguu ya simba ni moja tu, la mzee, kubadilisha majina kutamsitiri nani? Na hodhi hilo hilo ndilo watu wa filamu walilokuja kuliazima, wapige picha mle mle bafuni. Mzee hakuambiwa ni la nini. Alidhani mtu ataoga. Alilisugua siku nzima, akapaka dirisha rangi, akamwita Drahuše aje aone. "Bafu langu litaonekana mpaka mjini Praha!" Drahuše angeweza kumwambia siku ile. Alisifu rangi ya dirisha, akarudi kwake.

Jumamosi ilipofika akaenda kumzuia.

"Mzee, kaa ndani tu leo. Mbu wa bwawani hao watakumaliza. Na kifua chako kile."

"Mbu? Hata mbu wenyewe wameshatangulia kushika nafasi!" Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, na kila mkono umebeba kiti. "Hiki changu. Hiki cha Apolena, utakikalia wewe. Nani mwingine ninaye?"

Drahuše akakikalia.

Uwanjani bia ilikuwa ikipita na watu wakitaniana. "Bohouši, wewe umeonekana mgongo tu!" "Mgongo wangu unapendeza kuliko uso wako, kaa kimya!" Binti yake Drahuše, Rozálka, alikuwa amejibana mbele na watoto wenzake. Mwenyekiti wa kwenye filamu alipoanguka bwawani watu walishikana mbavu, na mwenyekiti mwenyewe akasimama kuinamisha kichwa kama mfalme. Kisha likatokea bafu.

"Langu hilo!" mzee akamgusa Drahuše kiwiko. "Ona dirisha!"

Akaingia mwigizaji na kigoda. Akaketi. Akaanza kumwambia samaki habari za viazi. Samaki aliitwa Anežka, lakini watu walikuwa wameshamgeukia mzee. "Ha! Si bafu la Vendelín lile? Kumbe Vendelín una mchumba majini!" Kicheko kikapanda mpaka mbwa wakabweka. Hapakuwa na mtu aliyekusudia ubaya. Kijiji hucheka hivyo hivyo, mtu huchekwa leo, kesho ni zamu ya mwingine. Mzee alikuwa bado anatabasamu wakati maana ya yale maneno inamfikia, na tabasamu likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani. Hakumtazama Drahuše. Alitazama mikono yake mpaka filamu ikaisha.

"Simama kidogo, jirani," akasema. "Nataka kiti."

Akavibeba viti vyote viwili, akaenda zake.

Tangu siku ile salamu ilikuwepo, ya kando ya uzio, fupi. Supu aliyompelekea ilipokewa mlangoni na bakuli likarudishwa limeoshwa. Ufunguo wake mzee hakuudai. Ulining'inia msumarini jikoni kwa Drahuše, na kila akipita aliona heri angekuja kuuchukua.

Desemba, vipaza sauti vikatangaza samaki wamefika. Foleni ikajipanga mbele ya mapipa, baridi ikiuma. Drahuše na Rozálka walikuwa nyuma ya mzee Vendelín. Muuzaji akamtolea samaki mnono. "Huyu mrembo, mzee! Wa kuongea naye mpaka Pasaka!"

Watu wakacheka. Mzee akasema, "Niulie."

"Humchukui mzima? Siku zote—"

"Niulie hapahapa."

Nyundo ikagonga. Drahuše akamsogeza Rozálka kando kumpisha mzee. Mzee akapokea gazeti lililofungiwa samaki, akawapita.

Nyumbani, wakati samaki wao anazunguka hodhini, Rozálka akasema, "Mama, babu Vendelín alikuwa analia. Nimemwona nyuma ya gari la samaki. Kesho nikiwaambia shuleni—"

Drahuše alimziba mdomo kwa mkono wake uliolowa.

"Usimwambie mtu."

Mtoto akajinasua. "Kwani si kweli?"

"Ni kweli, mwanangu. Ndiyo maana."